Ikupa na Kidumu Kilichoachwa Jiweni

Dorkas, katibu wa akina mama wa usharika wetu, amenisumbua tangu masika. Kila nikitoka kanisani ananishika mkono: bibi andika, bibi andika, kila mmoja wetu aandike habari za mtu aliyetufaa hapa Myamba, tutengeneze kitabu. Mimi niliishia darasa la tatu, nikatolewa kwenda kubeba wadogo zangu. Kalamu mkononi mwangu inateleza kama mlenda. Nilimwambia nipe jembe nikulimie shamba zima, kalamu kaa nayo. Hasikii. Haya, naandika, lakini kwa masharti yangu: sirudii kuandika, na asitokee mtu wa kunisahihisha. Mwenye nyumba atakayetajwa humu ni mimi. Nimeshajitaja, imetosha, sasa ni habari za Ikupa.

Ikupa alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge huko chini tambarare, ambako baba yake aliletwa na kazi kutoka Tukuyu. Kambi zile ni safu ndefu za vyumba, mlango kwa mlango, vyote rangi moja. Mtu akimaliza kazi yake jioni akaondoka, asubuhi chumba kina mtu mwingine na sufuria nyingine. Kwa hiyo watoto wa kambini wanafundishwa mapema: usiingie chumba kwa sababu tu jana alikaa humo rafiki yako. Simama mlangoni, uliza nani yumo.

Ikupa alifundishwa hivyo, akapuuza. Siku moja alitoka shule na njaa yake, akaingia mbio chumbani kwa shoga yake, akachovya mkono chunguni, akatia kiazi mdomoni. Ndipo akainua macho, akaona baba na mama na watoto asiowajua wanamtazama. Shoga yake alikuwa amehama alfajiri. Wenye kiazi walimchapa, na mama yake alipopata habari akamchapa tena kwa aibu. Tangu siku hiyo haingii mahali bila kuuliza.

Akakua, akajifunza kutengeneza simu mjini Same kwa fundi mmoja mkali, kisha akaenda chuo cha ufundi akasoma mambo ya kompyuta. Mjini mafundi walikuwa wengi kuliko simu zenyewe, basi akapanda huku mlimani na begi lake na kompyuta ya kukunja iliyopasuka kifuniko. Akapanga fremu, chumba cha duka cha mbele, kwenye nyumba ya bibi mmoja jirani na soko, akalala chumba cha nyuma.

Bibi yule alidhani amempangishia mwendawazimu. Maana msichana anapiga hodi, anaitikiwa karibu, naye bado amesimama mlangoni: "Nani yumo?"

"Nani mwingine awemo? Nyumba hii kaijenga mume wangu, nimezaa humu, nimezeeka humu!"

"Nauliza tu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia kabla chai haijapoa, kichwa maji wewe."

Na hilo lilikuwa dogo. Kila asubuhi kabla ya kufungua fremu, Ikupa alikaa kizingitini na kikombe cha chai ya tangawizi, macho kwenye ile kompyuta, midomo ikichezacheza kama anayesoma neno la siku. Mwenye nyumba akamuuliza anasoma nini.

"Nasoma matobo, mama."

"Matobo ya nini?"

"Ya kivinjari. Ile alama unayobonyeza kwenye simu ukitaka kusoma mambo ya mtandaoni. Waliokiunda wakigundua tobo wanaliziba, kisha wanatangaza."

"Wanatangaza matobo yao wenyewe? Hawana haya?"

"Wana haya ndiyo maana wanasema. Ila wanaziba kwao. Wewe usipolichukua lile toleo jipya, tobo kwenye simu yako liko palepale, na sasa kila mwizi amesikia mahali lilipo."

Ndiyo sababu kila simu iliyopita mikononi mwake, iwe imeletwa kwa chaji au kwa kioo, Ikupa aliuliza: "Nikusasishie na kivinjari?" Watu wa hapa kwa ubahili wa bando la mtandao tunajulikana. Mtu atampa mgeni kuku mzima, lakini ukimwambia simu inataka kula bando lake anakukodolea macho kama umemwambia auze shamba. Ikupa akawa anatumia bando lake. Baadhi walikubali. Wengine wakasema kinachotolewa bure namna ile lazima kina kitu ndani.

Mkubwa wa hao alikuwa Abednego, Baba Elinaza. Huyu ndiye anayesimamia msaragambo. Barabara ikiharibika, ndiva yetu, bwawa la maji ya kumwagilia, ikijaa matope, ni yeye anayepiga mbiu, na kila nyumba inatoa mtu na jembe. Asiyetokea anatozwa jogoo. Ni mtu wa haki, mzee wa kwaya, hanywi, hatukani, lakini ukaidi wake unaweza kupasua mawe. Alileta simu yake iliyovunjika kioo.

Ikupa akakibadilisha vizuri, kisha akauliza swali lake.

"Nimesema kioo," akajibu Abednego, sauti ikifika hadi kwa wauza ndizi. "Kioo tu! Kinachofanya kazi hakishikwishikwi."

"Natumia bando langu, baba."

"Hapo ndipo sitaki kabisa! Nyie vijana wa mjini mnajua kuingiza vitu."

Watu wakacheka, akaondoka na simu yake kifua mbele.

Haikupita muda mrefu, ikaja tanzia. Abednego alikuwa shambani kwenye tangawizi. Simu ikalia, namba asiyoijua: *Tanzia. Tumempoteza mzee wetu. Picha na ratiba ya mazishi ziko hapa.* Nani kati yetu anapata tanzia asiifungue? Kwetu mtu akikosa mazishi anasemwa mpaka na yeye azikwe. Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, mweupe, hauna picha wala ratiba. Akadhani mtandao mbovu, akarudisha simu mfukoni, akaendelea kupalilia.

Huku simu yake mfukoni, yenyewe, ikamtumia kila mtu anayemjua maneno yaleyale. Tumempoteza mzee wetu.

Sasa fikiria umepokea hayo kutoka simu ya Abednego. Utasema nini? Utasema Abednego kafa, watoto wanatangaza kwa simu yake. Ndivyo alivyosema dada yake Blandina, aliyeolewa Kifaru. Akafunga kanga mbili, akachukua sufuria kubwa ya msiba, akasafiri mpaka Same na kupanda mlima. Aliposhuka stendi yetu tu akaanza kilio: "Kaka yangu! Kaka yangu, umeniachia nani!" Akina mama wakampokea, nao wakaanza, kwa sababu hata wao walikuwa wameipata.

Abednego akasikia kilio kutoka shambani. Akatupa jembe, akaja mbio na matope hadi magotini. "Blandina! Nani amekufa?"

Blandina akamtazama kuanzia chini mpaka juu. Badala ya kumkumbatia, akampiga na furushi. "Wewe! Nimetoka Kifaru na sufuria kichwani, kwa nini hujafa?"

Watu wanaicheka mpaka leo. Siku ile Abednego hakucheka. Hasira zake alijua pa kuzipeleka: ni nani aliyeshika simu yake karibuni? Ni yule binti wa kambini. Kamtilia kitu wakati anaweka kioo. Na wengine ambao simu zao zilituma ile tanzia nao wakaamini hivyohivyo. Habari ikafika kwa Bartholomeo, mwenyekiti wa soko, naye akatangaza: siku ya soko kutakuwa na kikao, na Ikupa akishindwa kujieleza, atafunga fremu na kushuka mlima siku hiyohiyo. Barua ya utambulisho asitarajie. Maana yake asingepata kazi Same wala popote, kwa kuwa nani atampa simu yake fundi aliyefukuzwa kwa wizi?

Mwenye nyumba alimwambia, "Hapa ni kwangu. Hakuna wa kukufukuza kwangu."

Ikupa akatikisa kichwa. "Kulala nitalala, mama. Lakini nani ataniletea simu?"

Usiku ule hakula. Mwenye nyumba akamwekea ugali na maharage, akavikuta asubuhi vimekauka. Neno moja tu alisema, tena kama anajisemea: "Kitu chenyewe nakijua. Kukieleza ndiko sijui. Watasema nilisoma tu, kusoma kunaibaje?"

Siku ya soko ikafika. Hapa kuna jambo la kueleza kwa asiyelijua soko letu. Karibu na njia kuna jiwe kubwa bapa. Miaka yote hapo alikaa Hedwiga, muuza maziwa. Watu wakifika sokoni wanaweka vidumu vyao mbele ya jiwe, kila kimoja na alama yake, wanaendelea na shughuli zao. Hedwiga anajaza. Ukimaliza mizunguko yako unachukua kidumu chako, unakwenda. Hakuna kuulizana. Lakini baada ya mvua jiwe likawa linatuama maji, Hedwiga akairudishia kamati ya soko ile nafasi, akahamia upande wa mashine ya kusaga. Nafasi akapewa Asheri. Na Asheri anauza dengelua, pombe ya miwa, naye ana desturi ileile: kidumu kikiwekwa mbele yake, anajaza.

Ikupa alikuwa akitembea kwenda kwenye kikao, miguu mizito, alipomwona Abednego mbele yake akija kwa haraka na kidumu cha njano chenye uzi mwekundu, huku akisema na watu wawili kwa wakati mmoja. Alipofika kwenye jiwe mkono wake ukashuka wenyewe, ukaweka kidumu, akapita. Hata shingo hakugeuza.

Ikupa akasimama. Akatazama kidumu. Akamtazama Asheri, ambaye naye alikuwa akikitazama kidumu kwa mshangao. Kisha Asheri akainua mabega, akachukua kata. Ikupa akaenda kikaoni akiwa mwepesi.

Bartholomeo akafungua. Abednego akaeleza yake, naye akaeleza vizuri: "Sikumpa mtu namba yangu ya siri. Sikukubali chochote. Nilifungua nisome, basi. Mlango wa simu yangu haukuvunjwa. Kwa hiyo aliyeingia aliwekwa ndani tangu mwanzo, na aliyeshika simu ni huyu."

Watu wakaguna kukubali. Bartholomeo akasema, "Haya, Ikupa. Umesikia."

Ikupa akasimama. "Shikamooni. Naomba niulize kwanza. Mama Blandina, simu yako nimewahi kuishika?"

"Tangu nizaliwe sijakuona," akasema Blandina.

"Nayo ilituma tanzia?"

"Ilituma! Mpaka kwa mchungaji!"

"Sasa wale niliowasasishia kivinjari, mikono juu. Nyie tanzia mliipata?" Wakasema waliipata. "Mliifungua?" Wakasema waliifungua, nani ataacha. "Simu zenu zilituma?" Wakatazamana. Hakuna hata mmoja. Minong'ono ikaanza.

"Maneno hayo," akasema Abednego, ila sauti ilikuwa imepungua kidogo. "Mimi nataka uniambie kusoma kunaingizaje mwizi."

"Nitakuambia, baba. Maziwa yako ya leo yako wapi?"

"Maziwa yameingiaje hapa?"

"Nijibu tu, baba yangu."

"Yako kwa Hedwiga, kama siku zote."

Hedwiga akiwa nyuma akapaza sauti: "Baba Elinaza, kwangu hukufika leo!"

"Nimeweka jiweni!"

"Jiweni nilishahama mimi!"

Mtu mmoja akaanza kucheka polepole puani. Asheri alikuwa amesimama ukingoni na kile kidumu, akasema, "Mzee, nami nilishangaa. Nikasema labda leo umeamua. Mteja ni mteja." Blandina akakinyakua, akafungua kifuniko, akanusa. "Dengelua! Mzee wa kwaya!"

Soko zima likapasuka. Wako waliokaa chini kwa kicheko. Abednego alisimama pale akiwa mwekundu kuliko udongo wa Myamba, na Ikupa, namsifu kwa hili, hakucheka. Alingoja wanyamaze.

"Baba," akasema, "Asheri alivunja nyumba yako?"

"La."

"Alikudanganya? Alikuita?"

"Hata sikumwona."

"Ulimpa mwenyewe, kwa mkono wako, kwa kuwa hukumpa mtu. Kidumu ulilikabidhi jiwe, hukutazama nani amekaa hapo. Na kama leo hapa tusingekuwa na kikao, ungefika nyumbani ukamimina kwenye chai ya watoto."

Akawageukia wote. Akasema ndani ya kila simu kuna mahali pa kufanyia kazi, kama soko, pamegawanywa vizimba vizimba. Unapofungua ukurasa, kivinjari kinaupa kizimba uweke picha, kizimba uweke maneno. Picha ikiisha kazi, kizimba kinarudishwa sokoni apewe mwingine. Hiyo ni sawa. Kosa linakuja pale ambapo sehemu moja ya kivinjari haijasikia kwamba picha imehama. Inaendelea kwenda palepale kwa mazoea. Mwizi akilijua hilo, anatengeneza ukurasa ambao unaomba kizimba, unakirudisha, kisha haraka unaweka vitu vya mwizi humo humo. Kivinjari kinakuja na kidumu chake, kinakuta kimejazwa, kinakunywa, hakinusi. Kikishakunywa maagizo ya mwizi, kinayafuata kikidhani ni yake. Kikiambiwa tuma tanzia, kinatuma.

"Kwa hiyo si lazima nibonyeze kitu kingine," akasema Bartholomeo taratibu.

"Kufungua kunatosha. Na tobo hili la safari hii, waundaji walishaliziba. Ndilo lile toleo jipya nililokuwa nawaomba niwawekee. Linakiambia kivinjari: Hedwiga amehama."

Bartholomeo akamgeukia Abednego. Kila mtu akamgeukia, kwa sababu mshtaki ni yeye, na neno lake ndilo litakalombakiza Ikupa au kumshusha mlima. Abednego akachukua kidumu kwa dada yake. Akainama, akaimwaga dengelua yote kwenye majani, Asheri akasaga meno kwa uchungu.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi shauri langu nimelifuta. Lakini kikao kisifungwe. Kama tobo liko kwenye simu za watu wengi, basi ni kama ndiva kupasuka. Ukuta ukipasuka kwa mmoja, maji yanatupotea wote. Simu yangu ndiyo iliyomsumbua Blandina, na ya Blandina imemsumbua mchungaji. Napiga mbiu. Siku ya soko ijayo, msaragambo. Kila nyumba na simu zake zote, hapa mbele ya fremu ya huyu binti. Bando tutachanga. Asiyetokea, jogoo."

"Hata wazee?" mtu akauliza.

"Wazee ndio wa kwanza! Nitatangulia mimi."

Akatangulia kweli. Siku hiyo ilikuwa kama siku ya kuzibua ndiva, isipokuwa badala ya majembe watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi na simu mapajani, wakisubiri kile kiduara kiishe kuzunguka, wakitaniana kwamba cha fulani ni kivivu kama mwenyewe. Hedwiga alileta maziwa. Abednego alizunguka akikagua kama anavyokagua mitaro, hajui anachokagua, lakini akiuliza kila mtu kwa ukali: "Kivinjari chako kimeambiwa?" Kusema samahani hakusema, hajawahi kusema tangu azaliwe. Jioni aliacha gunia la tangawizi mlangoni kwa Ikupa, akaondoka bila kugonga.

Baadaye Ikupa alimweleza mwenye nyumba wakiwa wanamenya ndizi kwamba waundaji wa vivinjari wamechoka kuziba tobo moja moja. Sasa wanaandika sehemu zake upya, kwa lugha za kompyuta ambazo hazikubali kabisa mtu kwenda kwenye kizimba kwa mazoea. Ukikiandika kitu vibaya lugha yenyewe inakukatalia tangu mwanzo, inataka ijulikane nani yumo.

"Kumbe wamefundishwa kambini kwa baba yako," akasema mwenye nyumba.

Ikupa akacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Bibi yule hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu aje.

Yuko bado. Fremu iko wazi, asubuhi anasoma matobo yake kizingitini. Ile tanzia ya uongo imerudi mara nyingine ikiwa na maneno mengine, ikapita Myamba kama mvua juu ya bati. Mimi watoto wangu wako mbali, na simu ndiyo inayoniletea sauti zao. Kila nikisikia kwamba ni sauti yao kweli na si ya mwizi aliyekaa mahali pao, namshukuru Mungu, kisha namshukuru Ikupa. Namshukuru pia kwamba siku ile, akiwa na haki ya kutushukia wote na kuondoka, alikaa akatuzibia matobo ya simu zetu.

Basi, mkono umekufa ganzi, na nimetimiza ya Dorkas. Sasa ni zamu yako wewe uliyesoma. Usifunue bado ukurasa wa mwenzangu. Toa simu yako, ndiyo, hiyo hiyo, na usiniambie habari za bando. Kiambie kivinjari chako kwamba Hedwiga amehama. Kisha siku ya soko njoo Myamba unieleze kwamba umefanya. Nyumba yangu ni ile yenye fremu mbele. Piga hodi, na nikikukaribisha usiingie kwanza. Simama hapo mlangoni uulize nani yumo, nikusikie.